Kadi Iliyochemka Januari Ile

Januari ile sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilikuwa naketi mbele ya kompyuta, nasikia mluzi huko nje, nainuka. Nachungulia kwenye ufa wa dirisha, naona barabara haina mtu, narudi. Hata kiti hakijapata joto, nimesimama tena. Nilikuwa nachemsha chai nasahau kuinywa, nafagia sakafu niliyoifagia saa moja iliyopita. Mlango niliufunga kwa komeo, na baada ya dakika kumi nikaenda kuhakikisha kama kweli nimeufunga.

Nilikuwa na chumba cha mabati nyuma ya saluni moja pale Kawangware, sehemu inayoitwa 56. Ndicho kilikuwa nyumba na ndicho kilikuwa kazi. Upande mmoja kitanda na jiko, upande mwingine meza na kompyuta. Nilikuwa nahariri video: harusi, ubatizo, matanga, sherehe za kanisa. Mtu analeta kanda, naiingiza kwenye mashine, nakata pale watu wanapojikuna, naweka muziki na maandishi, namtolea DVD.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na kadi ya picha, kile kibao kinachotengeneza kila kitu unachokiona kwenye kioo. Niliinunua kwa jamaa aliyekuwa akiitumia kucheza michezo ya magari na bunduki, na alikuwa ameitumikisha vibaya. Juu yake ilikuwa na feni ndogo, upana wa kifuniko cha chupa ya maziwa. Novemba feni hiyo ilianza kulia kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Desemba ikanyamaza. Nilipofungua kasha niliikuta imesimama kabisa, na kibao chenyewe ukikigusa unarudisha kidole mdomoni.

Fundi wangu aliniambia nimpelekee baada ya Krismasi. Alikuwa mtu wa makamo kutoka mkoa wa Western, mwenye kibanda cha kutengeneza redio na vikuza sauti kule Kibera, na ndiye aliyenifundisha kufungua kompyuta bila kuiogopa. Nikamwambia sawa, tukimaliza kura tu. Kura ikapigwa, matokeo yakasomwa, na jioni hiyo hiyo moshi ukaanza.

Dirisha ikabidi tufunge. Ukilifungua, gesi ya machozi inaingia, au moshi wa tairi, na vyote viwili vinakaa kwenye pazia siku nzima. Mabati juu, dirisha limefungwa, jua la Januari. Kufika saa sita mchana chumba kilikuwa kama tanuri la mkate. Watu tulikuwa tunavumilia. Kadi haikuvumilia. Kulikuwa na programu ndogo iliyoonyesha joto lake kwenye pembe ya kioo, na nilikuwa natazama namba zikipanda: sabini, themanini na tano, mia moja. Ikifika mia na tano, kioo kinajaa viraka vya kijani na waridi, na kila kitu kinaganda. Inabidi uchomoe stima, usubiri ipoe, uanze upya.

Kwa siku kadhaa jambo hilo halikunisumbua sana. Nani angefanya harusi wakati ule? Kisha yule mama akaja.

Alikuwa anauza sukuma wiki mkabala na saluni. Mtu wa Western pia, mkubwa wa mwili, mwenye kucheka kwa sauti inayofika stendi. Mwanzoni mwa Desemba nilikuwa nimemrekodia harusi ya binti yake, na kazi ilikuwa bado haijaisha. Mumewe alikuwa mwashi, fundi wa mjengo. Asubuhi moja katikati ya zile ghasia alitoka kwenda kuangalia kama mjengo wao umefunguliwa, kwa sababu alikuwa amechoka kukaa nyumbani. Risasi ikampata njiani. Ilitoka wapi, hakuna aliyeweza kusema.

Alisimama mlangoni kwangu Jumatatu, leso kichwani, hakutaka kuketi.

"Ile video ya harusi ya msichana wangu iko?"

"Iko, mama. Sijaimaliza tu."

"Baba yake anaongea ndani?"

"Anaongea. Ile hotuba yote iko."

"Basi nitengenezee niende nayo. Tunasafiri Jumamosi, mabasi yanasindikizwa na polisi. Mamake mzee yuko huko nyumbani, hakuweza kuja harusini, miguu. Hajamwona kijana wake miaka mingapi sasa? Sitaki aone sanduku peke yake."

Nilimwashia. Nilifikiri ni vizuri aone kwamba ipo. Mzee alisimama kwenye uwanja wa kanisa katika koti lililomzidi mabega, akishika maikrofoni kwa mikono miwili kama mtu anayeshika nyundo. Akamwambia mkwewe, "Huyu msichana akinyamaza, usifikirie amekubali." Watu wakacheka. Akangoja kicheko kiishe, akafungua mdomo aendelee, na kioo kikajaa viraka. Akaganda pale, mdomo wazi, nusu ya uso wake kijani.

Mama alinishika mkono.

"Usimwache hivyo," akasema. "Tafadhali, msichana wangu. Usimwache hivyo."

Niliichomoa stima ukutani kwa nguvu hata soketi ikatoka na plasta.

Siku hiyo na iliyofuata nilijaribu kila nilichojua. Nilitoa kifuniko cha kasha. Nilipuliza vumbi mpaka kichwa kikazunguka. Niliazima feni ya meza kwenye saluni nikaielekeza kwenye kadi, lakini ilikuwa inapuliza hewa ile ile ya moto ya chumba. Niliongeza dakika nne tu. Kutoa DVD ya harusi nzima kulihitaji mashine ifanye kazi karibu saa kumi mfululizo. Yangu ilikuwa inafika robo saa. Kanda zenyewe nilikuwa nimeshazirekodia kazi nyingine, kama tulivyozoea, kwa hiyo harusi ilikuwa ndani ya kompyuta ile na si kwingine. Bila kadi sikuwa na picha hata moja kwenye kioo, maana mashine ile haikuwa na tundu lingine la kuchomeka. Saiba zote, yale maduka ya intaneti, zilikuwa zimefungwa. Nilizunguka chumbani. Nilihesabu hatua kutoka mlangoni hadi kitandani, zilikuwa sita.

Nikampigia fundi. Kibanda chake Kibera alikuwa amekiacha, akahamia na vifaa vyake kwa shemeji yake, askari wa geti moja kule Nyayo Highrise.

"Siz, usipoteze wakati na feni ya meza," aliniambia. "Niko na kitu. Feni kubwa ya shaba, iko na mapezi na mabomba, nilitoa kwa mashine ya saiba. Si ya kadi yako lakini tutailazimisha. Lete hiyo kadi."

"Niilete na nini? Hakuna gari."

"Na miguu," akasema.

Jumatano asubuhi nilifunga kadi kwa gazeti, nikaitia kwenye kiondo chini ya mafungu mawili ya sukuma. Mama aliponiona natoka na kiondo aliacha meza yake akanifuata hadi kona.

"Hiyo video iache," alisema. "Usiende. Mmoja anatosha."

"Nitapita Ngong Road, mama. Huko kuna watu."

Sikujua kama kuna watu. Nilitembea haraka, kisha nikaogopa kwamba ninaonekana nakimbia, nikapunguza. Nikaogopa ninaonekana nimepotea, nikaongeza. Maduka yalikuwa yamefungwa mbao. Kulikuwa na alama nyeusi za mviringo kwenye lami mahali tairi zilipochomwa, na waya zake laini zilinasa kwenye viatu vyangu. Nilikuwa nafanya mazoezi kichwani ya majibu: nikiulizwa hivi, nitasema vile. Nikateremka Mbagathi, na fundi alikuwa ananingoja getini, amenyoa kichwa chote, nikamwona kama mgeni.

Tuliifanyia kazi chini ya ngazi ya jengo, kwenye mkeka. Alifungua skrubu nne, akang'oa ile feni iliyokufa pamoja na kibati chake, akaniita nione. Kati ya kibati na chipu, ule moyo wa kadi, kulikuwa na ukoko mweupe, mkavu kama dawa ya meno ya mwaka jana.

"Unaona? Hii pesti ndiyo inabeba joto kutoka kwa chipu kwenda kwa chuma. Ikikauka, hata uweke feni ya ndege, joto linabaki hapa chini likipika."

Aliikwangua, akaifuta kwa spiriti mpaka chipu ikang'aa kama kioo cha saa. Halafu akatoa ile feni ya shaba. Ilikuwa nzito, mapezi membamba yamepangwa kama kurasa za Biblia, mabomba mawili yamepinda juu, na feni upana wa kiganja. Matundu yake hayakulingana na matundu ya kadi hata moja. Alikata vipande viwili vya alumini kutoka kwa mfuniko wa sufuria, akavitoboa kwa mkono kwa sababu stima ilikuwa imepotea huko, akavipiga tupa mpaka vikawa kama masikio mapya ya kushikia skrubu. Alikuwa anafanya kazi huku kila mara akiinua kichwa kusikiliza upande wa Kibera. Mimi nilikuwa nimesimama. Aliniambia niketi mara tatu.

"Familia iko wapi?" nikamuuliza.

"Niliwatuma nyumbani kabla ya kura. Sijui niliota au vipi." Akapuliza unga wa alumini. "Ungeketi, siz, kivuli chako kiko kwa kazi yangu."

Alipomaliza alinipa pia bomba dogo la sindano lenye mabaki ya pesti. "Ya akiba," alisema. Hakuwa na stima ya kuijaribu kadi, kwa hiyo niliondoka nayo bila kujua kama itafanya kazi.

Walinisimamisha nikirudi, karibu nifike Kawangware. Vijana saba au wanane, mawe yamepangwa barabarani, mmoja ana mpini wa jembe.

"Niaje, madam. Umebeba nini?"

"Sukuma. Na feni ya kompyuta."

Mmoja akaitoa. Gazeti likadondoka. "Feni gani iko hivi? Hii ni kitu ya gari. Umetoa wapi?"

"Ni ya kompyuta. Ni yangu."

"Leta kitambulisho."

Alisoma majina yangu polepole, midomo ikicheza, na sote tulijua anachokitafuta humo. "Wewe ni wa Ukambani." Halikuwa swali. "Sasa nyinyi mko upande gani?"

Majibu yote niliyoyafanyia mazoezi yalitoweka. Nikasema tu nilichokuwa nacho. "Ninatengeneza video ya matanga. Mashine yangu inashika joto. Mama anasafiri na mwili Jumamosi."

"Matanga ya nani?"

"Mwashi mmoja wa 56. Mzee wa yule mama wa sukuma mbele ya saluni."

Yule mwenye mpini wa jembe akageuka. "Yule mzee wa kofia ya kijani? Mwenye kuimba akipiga plasta?"

"Huyo."

"Amekufa?"

Niliitikia kwa kichwa. Akaweka mpini chini. "Nilimbebea zege mwaka mzima. Yeye ndiye alinionyesha kushika mwiko." Aliniangalia. "Kwa video anaonekana?"

"Anaonekana. Anaongea."

Yule aliyeshika kadi aliitupa ndani ya kiondo kwa hasira, au kwa aibu, sijui. Nilisikia kitu kikigonga. Yule wa mpini alinisindikiza hadi vibanda vya kwanza vya Kawangware, akitembea mbele bila kugeuka, kisha akarudi kwa wenzake.

Nyumbani nilifungua kiondo. Sikio moja la alumini lilikuwa limepinda, na feni ya shaba imelala upande mmoja, imeachana na chipu. Nililia kidogo, nimesimama. Halafu nikachukua bisibisi.

Nilinyoosha sikio kwa koleo. Nilifuta kila kitu kwa spiriti ya kusafisha vifaa kule saluni. Pesti nikaipaka vizuri, chipu yote, nene, kama siagi kwenye mkate wa mgeni, nikidhani ikizidi itasaidia zaidi. Nikafunga, nikawasha. Feni kubwa ilizunguka bila sauti, na moyo wangu ukatulia kwa dakika tano. Sabini. Themanini na mbili. Tisini na sita. Nikazima kabla haijafika mia.

Kadi za kuongeza kredo ya simu zilikuwa hazipatikani madukani wiki hizo. Kwenye simu yangu nilikuwa na kredo ya chini ya dakika moja. Nilimpigia fundi nikaongea mbio.

"Nimepaka pesti, bado inapanda, tisini na sita."

"Umepaka kiasi gani?"

"Nyingi. Chipu yote."

"Aa, siz! Nyingi inageuka blanketi. Weka punje ya mchele. Moja, katikati. Chuma chenyewe kitaitandaza. Na skrubu ukaze kwa msalaba, hii kidogo, halafu ile iko mbali nayo, kidogo kidogo, usi—"

Ikakatika.

Nilifuta tena. Kwenye bomba la sindano palibaki kiasi cha punje mbili, na moja ilikuwa imekauka mdomoni mwa bomba. Nilitoka nje, nikazunguka ploti mara mbili, nikarudi. Nikaweka punje moja katikati. Nikashusha feni ya shaba juu yake polepole bila kuitelezesha. Skrubu hii nusu mzunguko, ya mkabala nusu mzunguko, ile nyingine, ya mwisho. Nikarudia kutoka mwanzo. Kadi sasa ilikuwa nene mno hata kifuniko cha kasha hakikuweza kufungika, nikalilaza kasha ubavu mezani, tumbo wazi.

Hamsini na tano. Hamsini na tisa. Sitini na moja. Ikakaa hapo. Niliitazama nusu saa nzima. Sitini na moja.

Alhamisi nilimalizia kukata. Ijumaa, alfajiri, mabati yakiwa bado baridi, nilianza kuitoa. Mama akaja saa moja. Hakutaka tena kukaa kwake, nyumba ilikuwa imejaa jamaa wa kusafiri. Aliketi kwenye kitanda changu, akaangalia ile mashine iliyolala tumbo wazi.

"Ndiyo hiyo inashika joto?"

"Sasa haishiki, mama. Imepona."

Alichukua kipande cha katoni akaanza kuipepea.

"Haihitaji, mama. Kweli."

"Wacha tu," alisema.

Aliipepea kwa mkono wa kulia, akachoka, akahamia wa kushoto. Nilikuwa nainuka, naangalia namba, naketi, nainuka. Yeye hakuinuka. Saa nne tulisikia mabomu ya gesi mbali, nikakimbilia dirishani. Niliporudi alikuwa bado anapepea, macho kwenye mstari wa bluu kwenye kioo, ule unaojaa taratibu kadiri kazi inavyokwenda. Saa saba nikamletea ugali, akala kwa mkono mmoja. Nilianza kuogopa stima itapotea, nikamwambia, na mara moja nikajuta kumwambia.

"Isipotee," alisema, kama anayeiamuru.

Haikupotea. Saa kumi jioni kasoro kidogo mstari ukajaa. Nilichoma DVD mbili, nikazijaribu zote. Mzee akasimama na koti lake, akasema maneno yake kuhusu msichana anayenyamaza, watu wakacheka, akangoja, akafungua mdomo na akaendelea. Alimaliza hotuba yote. Aliwashukuru wapishi. Akarudisha maikrofoni. Mama alikuwa ameweka katoni chini, mikono imelala mapajani, na sikuweza kumtazama.

Alisafiri Jumamosi. Baada ya wiki moja nilipata simu yake, laini mbaya, kuku wanalia nyuma. Alisema walitazama kwa betri ya gari, kijiji kizima kimejaa ndani na madirishani. Yule nyanya mzee alimsikiliza mwanawe, akacheka pale watu walipocheka, kisha akaanza kumjibu kwa lugha yao, akimuuliza mbona amekonda, nani aliyemshonea koti kubwa hivyo. Hakuna aliyemkataza. Waliirudia mpaka betri ikaisha.

Fundi hakurudi kwenye kibanda chake cha Kibera. Alipata mahali kwenye jengo la mafundi wa redio mjini, na tuliendelea kupigiana simu. Kadi ile ilinifanyia kazi miaka miwili zaidi, kasha limelala ubavu, mpaka ilipokufa kwa sababu nyingine kabisa: maji ya mvua.

Mama alirudi Aprili, viongozi wakiwa wameshapeana mikono na bei ya sukuma imeshuka tena. Alikuwa amepungua. Jumapili moja baada ya kanisa aliingia kwangu, na safari hii akaketi bila kuambiwa.

"Kwa ile DVD ulikata," alisema.

"Nilikata, mama, ilikuwa ndefu."

"Baada ya hotuba alienda kula. Mimi sikumwona akila siku ile, nilikuwa jikoni na sufuria. Uko nayo?"

Nilikuwa nayo. Nilitafuta kwenye faili ambazo sikuwa nimezigusa, nikaipata: mzee ameketi pembeni ya hema, sahani ya pilau kwenye magoti, anakula taratibu bila kuongea na mtu. Hakuna kilichotendeka. Alitafuna mfupa, akaufanya mweupe. Akamwomba mtu maji. Akafuta mkono kwenye kitambaa cha kiti, akaangalia kama kuna aliyemwona.

"Angalia huyu," mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba nikamsikia akicheka. "Kwa kiti cha watu!"

Akaniomba nimrudishie nyuma pale mzee alipoomba maji.